Vita si kosa la msafiri

Madukani Nyawera, mjini Bukavu, mzigo wa Dubai una wateja wake. Anayeufuata huingia Falme za Kiarabu kwa viza ya siku 30 au 60, hununua, hufunga robota na kurudi Bukavu. Akipitisha siku za viza, hutozwa faini ya dirhamu 50 kwa kila siku. Mwezi mmoja wa ziada ni dirhamu 1,500, yaani zaidi ya dola 400. Kwa mwenye duka dogo, hiyo ni sehemu nzuri ya mtaji.

Hofu ya faini hiyo ndiyo inayowapa makomisiyonea, yaani madalali wa safari, riziki. Humwambia mtu atoe pasipoti mpya na mambo ya nyuma yatasahaulika. Ni uongo mtupu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, viwanja vya ndege vya huko hupiga picha ya mboni ya jicho, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwanasa waliofukuzwa wanaojaribu kurudi kwa hati nyingine. Pasipoti hubadilishwa, jicho halibadilishwi. Afadhali kulipa deni na kuondoka kwa hiari kuliko kusubiri kukamatwa na kufukuzwa, maana anayefukuzwa hufungiwa mlango.

Lakini si kila aliyechelewa alipenda.

Kuanzia Septemba 1 hadi Desemba 31, 2024, serikali ya Falme za Kiarabu ilitoa msamaha: waliopitisha siku waliruhusiwa kuondoka bila faini na bila kuzuiwa kurudi. Haikupita miezi miwili tangu msamaha uishe, Bukavu ikaingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, benki nazo zikafunga milango. Mtu aliyekuwa Dubai Februari ile, fedha zake zikiwa kwenye akaunti Bukavu, angelipia tiketi kwa fedha gani? Kila kulipokucha, dirhamu 50 ziliongezeka, na msamaha ulikuwa umekwisha.

Kuwasamehe watu wa aina hiyo si jambo geni. Juni 2025, anga la Irani lilipofungwa kwa sababu ya vita, Falme za Kiarabu ziliwafutia raia wa Irani faini za kupitisha siku. Sababu ilikuwa wazi: hawakuwa na njia ya kurudi kwao. Mfanyabiashara wa Kivu ana hoja hiyo hiyo, ila anakosa wa kumsemea.

Kinshasa ina ubalozi Abu Dhabi. Ubalozi huo unapaswa kuomba kwamba waliokwama kwa vita vya Kivu wafutiwe faini na alama ya kuchelewa isihesabiwe wanapoomba viza tena. Jibu likipatikana, litangazwe kwa Kiswahili kwenye Radio Maendeleo, ambayo watu wa Bukavu wanaisikiliza, kabla makomisiyonea hawajaligeuza kuwa bidhaa ya kuuza.