Mashine Haijui Kiingereza

Miongoni mwa hoja zilizokaririwa hadi zikageuka kama sheria katika elimu yetu ni ile isemayo kwamba Kiswahili chafaa kwa mashairi, siasa na hadithi, lakini ufundi wa kisasa hauna budi kufundishwa kwa Kiingereza. Nimeipinga hoja hiyo kwa miaka mingi katika kumbi za mihadhara, lakini nakiri kwamba niliipinga kwa nadharia tu. Ushahidi wa karakana nimeupata Changamwe, nikiwa mwanafunzi wala si mhadhiri.

Nilikuwa nimekwenda huko kukusanya istilahi za mafundi wa vyuma. Changamwe si mgeni wa uchongaji. Katika barabara ya Port Reitz wachongaji wa ushirika wa Akamba wamechonga vinyago kwa tezo kwa miongo mingi. Katika karakana niliyoingia, kilichochongwa ni chuma, na mchongaji ni mashine iongozwayo na kompyuta, ile ambayo mafundi huiita CNC. Kipande cha chuma hubanwa katika jiriwa, kisu kikazunguka juu yake, na meza ikasogea kama ilivyoamriwa. Fundi mkuu, mzee aliyenipita umri, alinisikiliza nikimweleza utafiti wangu, kisha akasema: "Mwalimu, maneno ya kazi hayaokotwi mlangoni. Simama hapa, uandike mwenyewe."

Nikasimama. Mashine hiyo yaweza kufuata programu ndefu iliyoandikwa mapema, lakini pia humruhusu fundi kuingiza amri kwa mkono, mstari mmoja mmoja, na kuona papo hapo matokeo ya kila mstari. Humo ndimo anayeanza hufundishiwa. Niliandika S800 M03, kisu kikaanza kuzunguka mara 800 kwa dakika. Nikafundishwa kwamba G00 ni kwenda upesi pasipo kukata, na G01 ni kwenda kwa mstari ulionyooka huku ukikata, kwa mwendo unaotajwa baada ya herufi F. X ni kulia na kushoto, Y ni mbele na nyuma, Z ni juu na chini. Kisha nikaandika X10, nikitaka meza isogee milimita 10, nayo ikawa kana kwamba haikusogea kabisa. Nikadhani imeharibika. Fundi akacheka: nilikuwa nimesahau nukta ya desimali. Katika mtambo ule, 10 bila nukta ni sehemu 10 za elfu za milimita moja. "Mashine yafuata ulichoandika," akaniambia, "haifuati ulichokusudia."

Kosa langu halikumdhuru mtu. Kosa nililolishuhudia siku ya tatu lingeweza kudhuru. Alikuwako kijana wa chuo aliyekuja kwa mazoezi ya kazi, akitoka Kisauni kila alfajiri. Orodha yote ya amri alikuwa ameihifadhi. Nilipomuuliza maana ya G90 na G91 alinijibu kwa Kiingereza safi, neno kwa neno kama lilivyo daftarini mwake. Siku hiyo alitakiwa kuchonga mfuo wa kina cha milimita 5. Kisu kilikuwa kimekwisha kuzama milimita 3, kwa hiyo zilibaki 2 tu. Kijana akaandika Z-5., akabonyeza. Mashine ikateremka milimita 5 zaidi, kisu kikavunjika, na kipande chake kikagonga kioo cha kinga kwa kishindo. Laiti kioo kile kingekuwa wazi, leo ningekuwa naandika makala nyingine.

Kijana alisimama akitetemeka, akirudia fasili ile ile ya Kiingereza. Fundi hakumkaripia. Alimuuliza: "Mwanangu, ukivuka Likoni ukapanda matatu, ukaambiwa uteremke steji ya tano, wahesabu kutoka Ferry, ama kutoka hapo ulipoketi?" Kijana akanyamaza, kisha uso ukamfunguka. G90 ni kuhesabu kutoka Ferry, yaani kutoka mahali pamoja palipowekwa kuwa sifuri. G91 ni kuhesabu kutoka ulipo sasa. Amri ya G91 ilikuwa imeingizwa mapema asubuhi hiyo, na hakuna aliyeiondoa.

Hapo nami nikapata la kuongeza kutokana na taaluma yangu. Tusemapo "alikwenda sokoni, akanunua samaki, akarudi", wakati uliopita umetajwa mara moja tu, katika kitenzi cha kwanza. Vitenzi vya -ka- vinavyofuata huegemea wakati huo. Ndivyo zilivyo amri hizi. G91 ikishatajwa huendelea kutawala kila mstari unaofuata, hata usipoiandika tena, mpaka uitangue kwa G90. Kijana huyo ameitumia kanuni ya namna hii tangu alipojifunza kusimulia hadithi. Hakuna aliyemwonyesha kwamba tayari anaijua.

Je, amri hizi ni Kiingereza? La hasha. Mashine ya kuchonga yenye kuongozwa kwa tarakimu ilionyeshwa hadharani Marekani mwaka 1952, katika chuo cha MIT, ikisoma matundu ya utepe wa karatasi. Leo G01 ni ile ile Ujerumani, Japani, China na Changamwe. Lakini mwalimu wa Japani humweleza mwanafunzi wake maana yake kwa Kijapani, na wa Ujerumani kwa Kijerumani. Sisi peke yetu ndio tunaodhani kwamba mashine itakasirika ikielezwa kwa lugha ya watu wake.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wapo watakaosema kwamba vitabu vya mitambo na maonyo ya kiooni yameandikwa kwa Kiingereza, na kwamba kijana wa Likoni akipata kazi Dubai hataulizwa Kiswahili. Ni kweli, wala siwashauri wanafunzi wakitupe Kiingereza. Ninachokipinga ni kukifanya Kiingereza kuwa mlango wa fahamu badala ya kuwa chombo cha kazi. Kijana yule alikuwa na Kiingereza cha kutosha kupita mtihani, na asiwe na maana ya kutosha kuokoa kisu. Wengine watasema kwamba Kiswahili hakina maneno. Jiriwa, tupa, keekee, patasi, kukereza: yote haya yamekuwa vinywani mwa mafundi wa pwani, na walioyapuuza ni sisi wenye shahada. Pale neno linapokosekana, mafundi hulikopa bila haya, na kazi huendelea.

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Vyuo vyetu vya ufundi navyo vimo katika mfumo wa kupima umilisi, yaani kile mwanafunzi anachoweza kukitenda. Basi tuutekeleze kwa dhati. Mwalimu wa karakana aeleze kila amri kwanza kwa Kiswahili, kisha ataje istilahi ya Kiingereza ili mwanafunzi aitambue kitabuni. Kabla ya mwanafunzi kubonyeza, atakiwe kusema kwa maneno yake mwenyewe kisu kitakwenda wapi na kitahesabu kutoka wapi. Na katika mtihani wa vitendo, jibu sahihi la Kiswahili lipewe alama sawa na jibu sahihi la Kiingereza.

Sisi wa idara za lugha nasi tuna deni. Tumeketi mezani tukiunda istilahi ambazo hazijawahi kuguswa na mafuta ya mashine. Mimi nimeanza kulipa langu kwa kurudi Changamwe kila nipatapo wasaa. Mara ya mwisho nilimkuta yule kijana mbele ya mashine, kisu kipya kikiwa mahali pake. Kabla ya kubonyeza aliinua kidole, akajisemea kwa sauti: "Nahesabu kutoka Ferry." Akaandika G90, ndipo akaandika kina.