KAZI ZA NYUMBANI: Redio ya Gari Inayokwaruza



Huenda baadhi yenu mtashangaa kwamba ukurasa huu, ambao aghalabu huzungumza habari za taa, majiko na cherehani, mwezi huu umetoka nje ya nyumba na kuingia garini. Lakini sikilizeni kwanza yaliyotufika.

Jioni ya mwezi ishirini na tisa Ramadhani tulikuwa njiani kutoka Mbeya kwenda Iringa, watu watatu katika Land Rover ya baba yangu mdogo, gari ambalo umri wake wapita wangu. Tulifuturu kwa tende na maji kando ya njia, tukaswali, tukaendelea na safari. Kulikuwa kumebaki kitambo kidogo kufika Mafinga pale msomaji wa redio aliposema kwamba sasa atatoa tangazo la mwandamo wa mwezi. Simu zetu mbili, moja ilikuwa imekwisha chaji, na ya pili haikuwa na mtandao mahali pale. Kwa hiyo tegemeo letu lote lilikuwa redio. Kijana wa ndugu yangu akanyoosha mkono aongeze sauti, na mara alipokigusa kile kitufe cha kuzungusha, redio ikalia kama bisi zinazopasuka chunguni, kisha ikatulia, nasi tukasikia mwisho wa neno tu: "…onekana." Baada ya hapo ikafuata kaswida.

Umeonekana, au haukuonekana? Katika lugha yetu, Idi na saumu vilitenganishwa usiku ule na mwanzo wa neno moja, na mwanzo huo ndio ulioliwa na kelele.

Baba mdogo hakusema kitu, akakanyaga mafuta. Tulipofika Mafinga tukapita karibu na msikiti, tukasikia imamu akisalisha tarawehe. "Basi kesho twafunga," akasema, tukashuka tukaingia safu ya nyuma.

Baada ya Idi gari lilipelekwa kwa fundi mmoja wa mjini. Akasikiliza mlio, wala hakufungua hata skrubu moja, akasema redio imekufa, inunuliwe nyingine. Kijana wetu alifurahi, maana alikwisha iona moja dukani yenye taa za rangi. Baba mdogo akamjibu, "Mwanangu, redio inayosema haijafa." Ndipo tulipokaa nayo sisi wenyewe.

Jambo la kwanza ni kujua kelele inazaliwa wapi, maana si kila kelele hutoka mahali pamoja. Zima injini, acha redio iseme. Ikiwa kelele imekoma, na hapo awali ilikuwa ikipanda na kushuka kwa kadiri ya mwendo wa injini, basi tafuta kwenye plagi, koili au alteneta, wala usiiguse redio. Ikiwa hukwaruza gari linaporuka shimo tu, tazama mzizi wa antena na waya uliofungwa kwenye mwili wa gari. Lakini ikiwa gari limesimama, injini kimya, na kelele huja pale tu unapozungusha kitufe au kukigonga kwa kidole, basi ugonjwa umo katika kitufe chenyewe. Yetu ilikuwa hivyo.

Nyuma ya kitufe hicho kuna kikopo kidogo kiitwacho na mafundi voliumu. Ndani yake mna utepe wa kaboni uliopinda mfano wa kiatu cha farasi, na juu yake hupita ulimi mwembamba wa chuma. Unapozungusha, ulimi hutambaa juu ya kaboni, na umeme wa sauti hupita mwingi au mchache kwa kadiri ya mahali uliposimama. Vumbi likiingia, au chuma kikifanya kutu, ulimi huruka badala ya kutambaa, na kila mruko mmoja ni mkwaruzo mmoja masikioni. Sisi watu wa Nyanda za Juu twapatwa na yote mawili. Toka Julai hata Oktoba vumbi jekundu la njia za Mufindi hupenya kila tundu la gari. Na asubuhi za baridi, Mbeya ikiwa mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, umande hushika vyuma vilivyolala nje usiku kucha.

Dawa yake si ngumu, ila yataka subira. Kwanza fungua waya wa betri ule uliofungwa kwenye mwili wa gari. Nasema hivyo kwa makusudi, wala sisemi "waya wa hasi", kwa sababu magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalifungwa chanya kwenye mwili. Mwenye gari la namna hiyo atazame vizuri asije akarudisha nyaya kinyume akaiunguza redio. Kisha vuta vitufe (vingine vina skrubu ndogo ubavuni), legeza nati mbili zilizo nyuma yake, na uitoe redio taratibu. Andika rangi ya kila waya na mahali pake kabla ya kuuchomoa. Kijana wetu alipiga picha kwa simu, nami nakiri njia yake ilishinda karatasi yangu. Redio ya taa za kioo, zile za kale sana, asiifungue asiyejua, kwani ndani yake hufanyika umeme mkubwa kupita ule wa betri, na huweza kubaki hata baada ya kuzimwa.

Ukifungua mfuniko utaiona voliumu mwanzoni mwa mti wa kitufe. Karibu na miguu yake mitatu iliyolehemewa mna upenyo mdogo. Pulizia humo dawa ya kopo ya kusafishia vipande vya umeme, kidogo tu, kisha zungusha kitufe toka mwanzo hadi mwisho mara ishirini au thelathini. Rudia mara moja, uache ikauke kabisa. Asiyepata dawa hiyo aweza kutumia spiriti safi isiyo na maji mengi, ingawa hiyo husafisha tu wala hailainishi. Tafadhali msitie mafuta ya taa, wala petroli, wala mafuta ya cherehani! Mafuta hushika vumbi jipya, na baada ya miezi michache utakuwa na tope mahali palipokuwa na vumbi. Msasa nao huila kaboni yenyewe.

Unapojaribu redio mezani, usiiwashe bila kuiunga na spika yake, maana redio nyingi za zamani huungua zikisema bila spika.

Ikiwa baada ya haya kelele yarudi kwa siku chache, yawezekana kaboni imelika, na hapo hapana budi kubadili voliumu nzima kwa nyingine yenye kipimo kile kile kilichoandikwa mgongoni mwake. Au huenda kapasita iliyo jirani yake imezeeka, inavujisha umeme usiotakiwa ndani ya voliumu. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kipimo, naye umweleze ulichokwisha fanya.

Redio ya baba mdogo ilinyamaza mikwaruzo siku ile ile. Kopo la dawa lilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya redio mpya, na lilibaki nusu. Tumelitumia kwa redio mbili za majirani, zikapona. Ya tatu imetushinda, kaboni yake imekwisha, nasi tungali twaitafutia voliumu ya kipimo chake.