Abiria hatukulipa nauli ya kwenda mochwari

Ndugu msomaji, umewahi kukaa kiti cha mbele ndani ya basi la mkoani, ukamwona dereva kashika usukani kwa mkono mmoja na mkono wa pili anabonyeza simu? Mimi nimeona. Tulikuwa tumeingia mbuga ya Mikumi tukielekea Iringa, mahali ambapo twiga na nyati huvuka barabara bila kuomba ruhusa ya mtu. Dereva alikuwa akiandika ujumbe huku anatabasamu. Mama mmoja aliyempakata mtoto akapaza sauti: "Baba, tuna watoto humu!" Dereva akajibu bila kuinua macho: "Mama, hii kazi nimeianza wewe bado unasoma shule." Abiria wengine wakacheka. Mimi nami nilinyamaza, na aibu hiyo ninayo hadi leo.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hapa kinachoponyoka ni roho za watu.

Hebu tupige hesabu ndogo ya darasani. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, kila sekunde linakula mita 22. Dereva akiinamia simu kwa sekunde tano tu, gari limekwenda mita 111 bila mtu wa kulitazama. Huo ni uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Ndani ya mita hizo kuna mtoto anayevuka kwenda shule, kuna lori lililoharibika na kuwekewa matawi ya miti, kuna mzee na baiskeli yake ya mkaa. Dereva anayesema ana uzoefu wa miaka 20 atueleze: uzoefu huo una macho utosini?

Wenzetu wamelipima jambo hili. Mwaka 2009 watafiti wa Virginia Tech huko Marekani, waliofunga kamera ndani ya malori, walieleza kwamba dereva wa lori anayeandika ujumbe yumo katika hatari ya ajali au kukoswakoswa mara 23 zaidi ya yule anayetazama barabara. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 12 Septemba 2008, treni ya abiria iligongana uso kwa uso na treni ya mizigo pale Chatsworth, Los Angeles. Watu 25 walikufa. Wachunguzi walipofukua kumbukumbu za simu wakakuta kwamba dereva wa treni ya abiria, aliyepita taa nyekundu, alituma ujumbe wake wa mwisho sekunde 22 tu kabla ya kugongana. Naye alikufa. Kama treni yenye reli yake inaua namna hiyo, sembuse basi letu lenye kona za Kitonga mbele yake?

Madereva wasikie vizuri hapo. Simu ni shahidi asiyekula rushwa. Saa na dakika ya kila ujumbe inabaki kwenye mitambo ya kampuni ya simu, hata ukiufuta ukiwa bado umekaa kwenye vioo vilivyovunjika.

Sasa tuje kwenye sheria. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka 1973, miaka mingi kabla simu ya mkononi haijaingia nchini. Kuendesha bila uangalifu ni kosa. Kuua mtu kwa uendeshaji wa hatari ni kosa kubwa la kwenda mahakamani, na mbele yake kuna jela na kupoteza leseni. Bima itamlipa aliyeumizwa, lakini hakuna bima inayokwenda gerezani badala ya dereva.

Tatizo ni kwamba adhabu kali inafika baada ya maiti. Kabla ya maiti tunaishia kwenye faini ya papo kwa papo. Mwaka 2021 faini hiyo kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, ya magari ikabaki 30,000 kwa kosa. Kwa mtindo huo taa iliyoungua na simu iliyoshikwa zinapimwa kwenye mizani moja! Majirani zetu wa Kenya nao wanatoza shilingi zao 2,000. Uingereza, tangu 2017, anayeshika simu akiendesha hutozwa pauni 200 na kuandikiwa pointi sita kwenye leseni. Dereva ambaye hajafikisha miaka miwili tangu afaulu, pointi hizo zinamnyang'anya leseni papo hapo. Faini mtu anaweza kulipiwa na tajiri yake. Leseni haina wa kumlipia.

Na sheria isiwe ya walalahoi peke yao. Tunawaona wakubwa ndani ya mashangingi, simu sikioni, wakipigiwa saluti na trafiki yule yule ambaye dakika tano nyuma alimkamata kijana wa bodaboda. Risasi na simu havichagui cheo, na barabara pia haichagui.

Tunasema hivi. Serikali iipe simu adhabu yake ya pekee, ya kugusa leseni. Mfumo wa kufuatilia mabasi unaona mwendo, lakini hauoni kidole cha dereva, hivyo wenye mabasi waamuru simu ya dereva ikae kwa kondakta mpaka kituoni. Wenye mabasi hao hao waache kumpigia dereva kila saa kumuuliza amefika wapi. Nawe mke, mume au rafiki, ukijua mwenzio yuko kwenye usukani, ujumbe wako unaweza kusubiri.

Kisha wewe abiria, ndugu yangu. Umelipa nauli ya kufika Iringa, Mbeya au Mwanza, hukulipa ya kwenda mochwari. Siku ile mama alisema peke yake na basi zima likacheka. Tungesema watu 50 kwa pamoja, dereva angethubutu kujibu vile? Safari ijayo, mama huyo asiachwe peke yake.