Formula 1: Ekzosi ndefu au fupi? Swali la zamani larudi na sheria za 2026

Sheria mpya za injini katika mbio za magari za langalanga, Formula 1, zimeanza kutumika msimu wa 2026. Mjadala mwingi umehusu umeme na mafuta yasiyotokana na visima vya petroli. Lakini kuna kifaa kimoja kilichoondolewa kwenye injini, na kukosekana kwake kumewarudisha wahandisi kwenye swali ambalo hata fundi wa gereji ya mtaani analijua: mabomba ya ekzosi yapitishwe vipi?

Ekzosi si njia ya kutolea moshi tu

Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya mfereji. Hutoka kwa mapigo. Injini ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, kila silinda hutoa pigo mara 100 kwa sekunde. Kwa injini ya silinda sita, hayo ni mapigo 600 kila sekunde.

Kila pigo husukuma wimbi ndani ya bomba. Wimbi hilo likifika mahali bomba linapopanuka au linapoungana na mengine, wimbi la kufyonza hurudi kuelekea kwenye silinda. Likirudi kabla valvu haijafunga, huvuta moshi uliobaki na kuiachia nafasi hewa mpya, na injini hupata nguvu zaidi. Lakini kama badala yake linafika pigo la silinda ya jirani, moshi husukumwa kurudi ndani na nguvu hupungua.

Ndiyo maana wahandisi hupenda kila silinda iwe na bomba lake, na mabomba yote yawe na urefu sawa, ili mapigo yafike kwa zamu bila kugongana.

Wapenzi wa magari Afrika Mashariki wameisikia tofauti hiyo bila kuifahamu. Mngurumo wa Subaru za zamani, kama ile Impreza iliyompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, unatokana na mabomba yasiyolingana urefu, hivyo mapigo hufika kwa nafasi zisizo sawa. Subaru ilipohamia kwenye mabomba ya urefu sawa katika baadhi ya modeli za baadaye, mngurumo ule ulipotea.

Turbo inataka kitu kingine

Kama urefu sawa ni bora, kwa nini kuna ubishi? Jibu ni turbo. Injini za Formula 1 tangu 2014 ni za lita 1.6, silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, na turbo moja. Turbo huzungushwa na moshi wenyewe, na inataka moshi uufikie ukiwa bado na joto na kasi.

Mabomba marefu yanaipunguzia turbo vyote viwili. Moshi hupoa njiani, na dereva anapokanyaga mafuta lazima nafasi yote ndani ya mabomba ijae kwanza kabla turbo haijashika kasi. Matokeo yake ni turbo kuchelewa kuitika. Isitoshe, mabomba marefu ni mazito na hula nafasi ambayo wabunifu wa umbo la gari wanaihitaji kwa ajili ya hewa.

Kwa hiyo uchaguzi ni huu: mabomba marefu yanayolingana, yenye nguvu zaidi injini ikiwa kwenye mizunguko ya juu, au mabomba mafupi yaliyobanwa karibu na injini, yenye mwitikio wa haraka lakini yanayopoteza sehemu ya nguvu.

Somo la Mercedes

Mwaka 2014 Mercedes ilichagua ufupi. Silinda tatu za kila upande zilimwaga moshi kwenye bomba moja lililokaa kando ya injini, badala ya mabomba marefu yaliyopindwapindwa. Mwaka huo Mercedes ilishinda mbio 16 kati ya 19. Ekzosi haikuwa sababu pekee. Kampuni hiyo pia iliitenganisha turbo, upande wa kusukuma hewa ukawekwa mbele ya injini na upande wa moshi nyuma.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwaka uliofuata Mercedes yenyewe iliuacha mpangilio ule na kurudi kwenye mabomba marefu ya urefu sawa, na ikaendelea kushinda.

Iliweza kufanya hivyo kwa sababu ya kifaa kilichoitwa MGU-H, mota ya umeme iliyofungwa kwenye mhimili wa turbo. Dereva alipoachia mafuta kwenye kona, mota hiyo iliendelea kuizungusha turbo. Alipokanyaga tena, turbo ilikuwa tayari. Ucheleweshaji wa mabomba marefu ulilipiwa na umeme.

Kilichobadilika 2026

MGU-H sasa haipo. Ilikuwa ghali, ngumu kutengeneza, na haikuwa na matumizi makubwa kwenye magari ya kawaida. Kuondolewa kwake kulikuwa sehemu ya makubaliano yaliyolenga kuvutia kampuni mpya, na Audi imeingia. Mota iliyobaki, ile inayosukuma magurudumu, imepandishwa kutoka kilowati 120 hadi 350.

Hapo mizani imeongezewa uzito pande zote mbili. Bila msaada wa umeme kwenye turbo, mabomba mafupi yana thamani kuliko ilivyokuwa. Lakini pia hakuna tena kifaa cha kuvuna umeme kutoka kwenye moshi, hivyo kila nguvu inayopatikana kwa kuisaidia silinda kupumua vizuri ina maana zaidi.

Mtu anaweza kusema kilowati 350 zinatosha kuziba pengo turbo inapochelewa. Ni kweli, lakini umeme huo hutoka kwenye betri yenye kikomo. Unaotumika kuficha udhaifu wa turbo wakati wa kutoka kwenye kona haupo tena kwenye barabara iliyonyooka, mahali pa kumpita mpinzani.

Hatari iko wakati wa kuondoka

Kuna mahali ambapo umeme hausaidii kabisa. Kwa sheria zilivyoandikwa kwa ajili ya mwanzo wa msimu, mota hairuhusiwi kulisukuma gari linapoondoka kwenye mstari hadi lifikie kilomita 50 kwa saa. Turbo lazima iamshwe na moshi peke yake, dereva akiwa amesimama na kuunguruma.

Hilo si suala la nafasi moja au mbili tu. Msimu huu kuna timu 11 na magari 22. Gari la mbele likikwama kwa sekunde moja kwa sababu turbo haijaamka, walio nyuma huja kwa kasi na hawalioni vizuri. Uamuzi wa kiwandani kuhusu urefu wa bomba unaweza kuwa suala la usalama barabarani.

Shirikisho la magari duniani, FIA, limeweka utaratibu wa kuwaruhusu watengenezaji walioachwa nyuma kufanya maboresho ya ziada. Lakini ekzosi haibadilishwi peke yake. Ukirefusha bomba, unagusa turbo, upoozaji na umbo la nyuma ya gari. Aliyekosea mwanzoni hatasahihisha kwa wiki mbili.

Kwa mtazamaji, njia rahisi ya kujua nani alichagua nini ni kuangalia mahali pawili: mita 200 za kwanza baada ya taa nyekundu kuzimika, kisha mwisho wa barabara ndefu iliyonyooka. Gari linalong'ara pa kwanza na kufifia pa pili litakuwa limekuambia mengi kuhusu mabomba yaliyofichwa chini ya bodi lake.