Bustani ya Mama Ngina: Mwenyewe ni nani?

WAKAZI wengi wa Mombasa hawaiiti bustani hiyo kwa jina lake rasmi. Kwao mahali pale ni 'Lighthouse', kwa sababu ya mnara wa taa ulioko Ras Serani unaoongoza meli zinazoingia bandari ya Kilindini.

Jina rasmi nalo lina historia yake. Enzi za ukoloni barabara ile iliitwa Azania Drive, Azania likiwa jina ambalo Wagiriki wa kale waliipa pwani yetu. Baada ya uhuru ikapewa jina la Mama Ngina, mkewe Mzee Jomo Kenyatta. Kwa hivyo Rais Uhuru Kenyatta alipoadhimisha Sikukuu ya Mashujaa hapo mnamo Oktoba 20, 2019, alikuwa akizindua bustani yenye jina la mamake mzazi.

Ukarabati huo uligharimu takriban Sh460 milioni katika eneo la ekari 26. Palijengwa malango yenye nakshi za Kiswahili, ukumbi wa wazi wa maonyesho na njia za kutembelea kando ya bahari. Ni kazi ya kupendeza, ingawa mvuto mkubwa wa bustani haukujengwa na mwanakandarasi yeyote. Ni mibuyu mikubwa iliyokuwapo kabla ya barabara yenyewe, upepo wa jioni, na meli za mizigo zinazopita karibu kiasi cha mtu kuweza kusoma majina yake.

Isitoshe, ardhi hiyo imebeba kumbukumbu nzito. Upande wa mashariki kuna mabaki ya ngome ndogo ya Wareno, Fort St Joseph. Upande wa magharibi, kupita kivuko cha Likoni, kuna mnara wa kale wa Mbaraki, unaohusishwa na mji wa Tuaka, makao ya Wakilindini, mojawapo ya Mataifa Matatu ya Mombasa. Mgeni anayekuja kupiga picha tu huondoka bila kujua kwamba amepita kati ya mabaki ya miji na ngome.

Thamani yake kwa mwananchi wa kawaida, hata hivyo, si ya kihistoria pekee. Sehemu kubwa ya ufuo wa Pwani imezingirwa na kuta za hoteli na makazi ya watu binafsi. Hapa familia kutoka Majengo au Likoni inaweza kuketi Jumapili, ikanunua mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, madafu na mabuyu, bila kuulizwa na mlinzi imetoka wapi. Ndiyo maana ujenzi ulipoanza mapema 2019, wachuuzi wakaondolewa na malumbano kuhusu umiliki wa sehemu ya ardhi yakazuka, wengi waliingiwa na hofu.

Hofu hiyo ina msingi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti jukumu la bustani za kaunti, fuo na vituo vya burudani. Jedwali hilohilo linaiachia serikali kuu majengo na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Bustani ya Mama Ngina ni yote mawili, na fedha za ukarabati zilitoka Wizara ya Utalii, si kaunti. Palipo na wenyewe wawili, taa ikizimika kila mmoja humtazama mwenzake; lakini pakitokea ada ya kukusanywa, wote wawili hufika mapema.

Njia ya kisheria ipo. Kifungu cha 187 kinaruhusu ngazi moja ya serikali kuikabidhi nyingine majukumu kwa makubaliano, na Nairobi ilikitumia Februari 2020 kwa majukumu makubwa zaidi ya kutunza bustani. Mkataba kama huo kuhusu Mama Ngina ungepaswa kuandikwa hadharani, na kutaja mambo mawili waziwazi: nafasi ya wachuuzi, na haki ya umma kuingia bila malipo.