Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi: Mliandika "hana tatizo", nikafukuzwa kazi

Ndugu Mganga Mfawidhi,

YAH: MAANDISHI YA KLINIKI YAKO YALIYONIACHISHA KAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia kwa heshima, kwa kuwa naijua foleni inayokusubiri kila asubuhi na najua jinsi wataalamu wa afya ya akili walivyo wachache mikoani. Hospitali yako sitaitaja hadharani. Faili langu unalo, na malalamiko niliyomkabidhi katibu wako hayajajibiwa mpaka leo.

Nilikuja kliniki nikiwa na barua ya kuitwa kwenye kikao cha nidhamu. Nilikuwa ofisa mikopo. Vikundi vyangu vya akina mama vilirejesha vizuri, maana kila mama nilimjua kwa jina, nikaijua biashara yake na siku ya gulio lake. Kilichonishinda kilikuwa mezani: fomu za marejesho zilizochelewa, hesabu zilizoishia katikati, vikao vilivyonipita ilhali nimeviandika kwa mkono wangu kwenye shajara iliyo mbele yangu. Nilipewa onyo la kwanza, likafuata la pili, kisha nikaitwa kikaoni. Mwajiri alisema kama nina maelezo ya kitabibu, niyalete.

Nilimweleza tabibu wenu yote hayo, na kwamba nimekuwa hivyo tangu nikiwa darasa la tatu. Nilimwomba anipime upungufu wa umakini, tatizo ambalo madaktari huliita ADHD. Akaniambia huo ni ugonjwa wa watoto wa kiume watundu na kwamba mtu mwenye shahada hawezi kuwa nao. Akaniuliza kama nina ugomvi na mume wangu. Kisha akaandika: "Hana tatizo. Apumzike. Amitriptilini usiku." Kuhusu umakini hakuniuliza swali hata moja.

Karatasi hiyo ndiyo iliyosomwa kikaoni. Nikafukuzwa kazi kwa uzembe.

Baadaye nilikopa nauli na ada, nikaenda Dar es Salaam kupimwa na daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akampigia mama simu, akaomba ripoti zangu za shule. Mama alikuwa amezitunza kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo. Kila mwaka mwalimu mwingine, mwandiko mwingine, maneno yaleyale: ana akili lakini hatulizi mawazo, anasahau madaftari, aache kuota mchana. Daktari hakusita. Ni upungufu wa umakini wa tangu utotoni. Ila wakati huo kikao kilishafungwa na nafasi yangu ilishapata mtu mwingine.

Huenda mtu akadhani karatasi ya kliniki haina uzito huo. Inao. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinamtaka mwajiri achunguze chanzo cha utendaji hafifu. Pale afya inapohusika, zinamtaka aangalie njia nyingine kabla ya kumwachisha mtu kazi. Kama tabibu wenu angeandika "anahitaji uchunguzi zaidi", ningekuwa na hoja mbele ya kikao. Ningeomba muda, ningeomba mwenzangu wa kuhakiki fomu, ningeomba nibaki na vikundi vyangu. Aliandika "hana tatizo", na kwa maneno hayo mawili chanzo kikawa kimekwisha kuchunguzwa. Nikafukuzwa kazi.

Sasa nikueleze kilichopaswa kujulikana ndani ya chumba kile. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani ulikubali mwaka 1980 kwamba mtu anaweza kukosa umakini bila kuwa mtundu. Toleo la 2013 linatoa vigezo vya watu wazima: dalili 5 zinatosha, ilimradi baadhi zilianza kabla ya umri wa miaka 12, na linakadiria kuwa watu wazima wapatao asilimia 2.5 wanaishi na tatizo hili. Miongoni mwa watoto wanaofikishwa kliniki, wavulana ni wengi mno kuliko wasichana. Ukifika kwa watu wazima, pengo hilo hupungua sana. Wale wanawake hawakuambukizwa wakiwa na miaka 30. Walikuwepo darasani wakati wote, na hakuna aliyewaona.

Mvulana anayeruka juu ya madawati anamsumbua mwalimu, kwa hiyo anatafutiwa msaada. Msichana anayetazama dirishani hamsumbui mtu. Anaitwa mvivu, kisha anajifunza kujificha: ananakili usiku alichokikosa mchana, anahakiki kitu kimoja mara tatu, anatangulia kuomba radhi kabla hajalaumiwa. Anafaulu, lakini kwa gharama ya usingizi na amani yake. Akiwa mtu mzima mwili unachoka, anaingia sonona au hofu, na hizo ndizo dalili anazoleta kwenu. Mnatibu hofu, chanzo kinabaki. Wanawake wengi wenye hali hii hueleza pia kwamba inazidi siku chache kabla ya hedhi, baada ya kujifungua na wanapokaribia ukomo wa hedhi, nyakati ambazo homoni ya estrojeni hushuka. Sijasikia mkunga wala daktari akimuuliza mama kuhusu jambo hilo.

Kumchuja mgonjwa hakuhitaji mashine. Lipo dodoso lililotengenezwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, lenye maswali 18, na 6 ya kwanza yanatosha kuonyesha nani achunguzwe zaidi. Yanauliza kama unashindwa kumalizia sehemu za mwisho za kazi, kama unapata shida kupanga mambo, kama unasahau miadi, kama unaahirisha kazi inayohitaji kufikiri sana, kama mikono na miguu haitulii ukikaa muda mrefu, kama unajihisi kusukumwa na injini ndani yako. Maswali sita, Daktari! Muda uliotumika kuniuliza habari za mume wangu ungetosha kuyauliza yote.

Wala hili si suala la fomu kuchelewa tu. Mwaka 2015 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Denmark uliofuatilia watu karibu milioni 2. Wenye tatizo hili walikufa mapema zaidi kuliko wengine, hasa kwa ajali. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanawake kuliko wanaume, na kubwa kabisa kwa waliogunduliwa ukubwani. Kuchelewa kumtambua mtu kunaweza kumgharimu zaidi ya mshahara.

Simlaumu tabibu peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 kwa vituo visivyo na mabingwa uliliweka tatizo hili kwenye sura ya watoto na vijana. Dawa yake inayotumika sana, methilifenideti, iliombewa nafasi kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo mwaka 2019 na tena 2021, ikakataliwa mara zote mbili. Inawezekana hakuwahi kufundishwa. Lakini asiyejua huandika rufaa. Yeye aliandika hukumu, akaipiga muhuri wa hospitali yako, nami nikafukuzwa kazi kwa muhuri huo.

Kwa hiyo naomba haya.

Kwanza, faili langu lirekebishwe, na nipewe barua yenye saini yako inayosema sikupimwa umakini siku ile. Naihitaji kwa kila mwajiri anayeniuliza kwa nini niliachishwa kazi.

Pili, ipigwe marufuku kliniki yako kuandika "hana tatizo" juu ya jambo ambalo haikulichunguza. Mgonjwa apewe rufaa, hata kama bingwa yuko mkoa mwingine.

Tatu, yale maswali 6 yawe mezani kwa Kiswahili, na aulizwe kila mwanamke anayerudi na sonona au hofu isiyosikia dawa. Aulizwe pia alikuwaje akiwa shule ya msingi.

Na kwa kuwa barua hii ni ya wazi, nasema na walio juu yako. Wizara iwafundishe matabibu kwamba watoto wenye tatizo hili hukua. Walimu wafundishwe kumtazama msichana aliyekaa kimya kama wanavyomtazama mvulana msumbufu. Na kote nchini kikome kile kinachomkuta mwanamke akisema kichwa chake hakimtii: anaambiwa ana mawazo, ni mambo ya ndoa, ni homoni, apumzike. Mama yangu aliambiwa hivyo. Dada yangu aliambiwa hivyo alipojifungua. Hakuna hospitali inayoweza kuona aibu ya kosa ambalo halijaandikwa popote, na makosa haya hayaandikwi, kwa sababu kwenye mafaili yetu sote pameandikwa kuwa hatuna tatizo.

Nilikuwa na kazi niliyoiweza na niliyoipenda. Niliipoteza kwa sababu ya uchunguzi ambao haukufanyika. Nasubiri majibu yako kwa maandishi, na safari hii yaandikwe baada ya faili kusomwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mgonjwa wa kliniki yako