King'ora Kinacholia Ovyo Hakilindi Ghala

Mkulima wa Mbinga hutoa jasho miezi mingi milimani, akipalilia na kuchuma, kabla kahawa yake haijafika kwenye kichanja cha kukaushia na hatimaye katika ghala la chama cha ushirika. Gunia likiibwa humo, kinachopotea ni ada ya shule na matumizi ya nyumba nzima. Kwa hiyo chama kinachoamua kufunga kamera za ulinzi hakifanyi anasa. Hata hivyo, kununua kamera ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo aghalabu hupuuzwa, ni kuipanga.

Yafaa ieleweke kwamba kamera ya kawaida haimjui mwizi. Mtambo hulinganisha picha moja na ile iliyoitangulia. Ukiona tofauti ya kutosha, huhesabu kwamba kuna kitu kilichotembea, kisha hurekodi, hupiga king'ora au hupeleka ujumbe kwenye simu. Kwake, jani la mgomba linalopeperushwa na upepo na mtu anayeruka ua ni mamoja. Ukungu wa milima ya Umatengo na utando wa buibui mbele ya lenzi vyaweza kuuhadaa. Huko Mbamba Bay na Liuli, kandokando ya Ziwa Nyasa, wadudu wa ziwani wanaofuata taa nao huuchokoza.

Matokeo yake ni dhahiri. King'ora kikilia mara kumi kwa usiku mmoja bila sababu, mlinzi hukizima ili apate utulivu. Siku mwizi anapokuja, ghala ni bubu.

Dawa haihitaji fedha nyingi, bali uangalifu. Kwanza, lichaguliwe kwenye skrini eneo linalohusika tu: mlango, madirisha na vichanja. Miti na njia ya wapitao viachwe nje. Ua wa jirani nao usipigwe picha, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda faragha ya watu. Pili, wepesi wa kuhisi upunguzwe hadi paka apite bila kelele, lakini mtu asipite. Tatu, zipangwe saa: mchana, wakulima wanapoleta kahawa, kurekodi kunatosha, king'ora kingoje ghala lifungwe.

Baada ya hapo mtu atembee mbele ya kamera gizani, mara ameinama, mara amesimama, ili ijulikane kama mtambo unamwona. Jaribio hilo lirudiwe mvua zinapoanza, maana majani huota upya. Umeme wa Gridi ya Taifa ulifika Songea mwaka 2018, lakini waya hukatika na mwizi naye huweza kuukata. Betri ya akiba ni sharti.

Zaidi ya yote, king'ora kiwe na wa kukiitikia. Vijijini watu hukimbilia yowe kwa sababu hakuna anayelipiga kwa mzaha, na vikundi vya sungusungu, vilivyotambuliwa na sheria mwaka 1989, vilijengwa juu ya imani hiyo. Viongozi wa ushirika hawana budi kuamua mapema nani ataamka, nani atapigiwa simu, na nani atafika kwanza. Kamera huona tu; kumkamata mwizi ni kazi ya watu.